Maikrofoni ya Kaboni Ikae Juu ya Nini?

Barabara inayotoka Nzega ikifika Tinde inagawanyika. Tawi moja linakwenda Shinyanga mjini na Mwanza, jingine linaelekea Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Malori yanayobeba shehena za Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na nyumba za kando ya barabara huyahisi kabla ya kuyaona: dirisha linalia, maji kwenye ndoo yanachezacheza. Mahali kama hapo ni pagumu kwa maikrofoni yoyote. Kwa maikrofoni ya kaboni, iliyobeba sauti za watu kwenye simu kwa karibu karne nzima, ni pagumu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna punje zilizolegea ambazo haziwezi kutofautisha sauti ya mtu na mtikisiko wa sakafu.

Kwa hiyo fundi au mwalimu wa fizikia anayetaka kuirudisha kazini maikrofoni ya aina hiyo, iwe kwa maonyesho, kwa somo au kwa udadisi tu, atakutana na swali ambalo wahandisi walihangaika nalo tangu 1878: ikae juu ya nini? Hoja ya makala hii ni kwamba kishikilio ndicho kinachoamua kama chombo kitamsikia msemaji au kitaisikia meza. Swali hilo halijibiwi kwa urembo wa umbo. Linajibiwa kwa mambo matatu: uzito, ulaini wa springi, na mkao wa punje.

Punje, kiwambo na betri

Maikrofoni ya kaboni ni kikombe kidogo chenye punje za kaboni, aghalabu za makaa magumu ya mawe yaliyosagwa na kuchomwa. Mbele ya kikombe kuna kiwambo chembamba cha bati au kaboni. Sauti inaposukuma kiwambo, punje zinabanana na ukinzani wa umeme unapungua. Kiwambo kinaporudi, punje zinaachana na ukinzani unaongezeka. Mkondo wa betri unaopita humo, miliampia 20 hadi 50 hivi kwa simu za kawaida, unapanda na kushuka kwa kufuata sauti.

Sifa kubwa ya chombo hiki ni kwamba nguvu inayotoka ni nyingi kuliko nguvu ya sauti iliyoingia. Sauti inafanya kazi ya kufungua na kufunga bomba tu, nguvu yenyewe inatoka kwenye betri. Ndiyo maana simu ziliweza kupeleka maneno mbali miaka mingi kabla ya valvu na transista kuwepo. Sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake, kwa sababu chochote kinachotikisa punje, hata kama si sauti, nacho kinakuzwa.

Kuna kasoro nyingine mbili zinazomhusu mtengeneza kishikilio. Ya kwanza ni mkao. Kiwambo kikisimama wima, punje hukaa vizuri kati ya bati la mbele na la nyuma. Chombo kikilazwa kifudifudi au chali, punje hukusanyika upande mmoja na sauti hufifia au hukatikakatika. Ya pili ni kugandamana. Punje zikikaa muda mrefu, zikipata unyevu, au zikisukwasukwa umeme ukiwa umewashwa, hushikana na maikrofoni hupoteza wepesi wake. Watu waliowahi kutumia simu za kukoroga wanajua dawa yake: kukipiga kipokezi kofi mara moja, punje zikaachana.

Chombo kilichosikia ubao

Mwaka 1878 huko London, David Edward Hughes, aliyepata kuwa mwalimu wa muziki na baadaye mvumbuzi wa mashine ya telegrafu, alionyesha kijiti cha kaboni kilichochongwa ncha zote mbili na kusimamishwa kwa ulegevu kati ya vibonge viwili vya kaboni. Vibonge hivyo vilifungwa kwenye ubao mwembamba. Kilichowashangaza watazamaji ni kwamba kifaa kilisikia mpaka nyayo za nzi aliyekuwa akitembea. Hughes hakuchukua hataza. Aliuachia ulimwengu uvumbuzi huo bure.

Kisa cha nzi husimuliwa kama sifa ya usikivu. Mtengeneza kishikilio anakisoma kwa jicho tofauti. Nzi hakusikika kupitia hewani. Alisikika kwa sababu alikuwa akitembea juu ya mbao zilizobeba kijiti. Ubao ndio uliokuwa sikio la kifaa kile: ulipokea sauti ya hewa, na ulipokea vilevile kila kilichougusa. Katika maikrofoni hiyo ya mwanzo, kishikilio na kipokea sauti vilikuwa kitu kimoja. Kazi ya miaka 40 iliyofuata ilikuwa kuvitenganisha.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumpa msemaji kiwambo chake. Thomas Edison alikwisha kutumia kidonge cha masizi yaliyoshindiliwa mwaka 1877. Mwaka uleule wa Hughes, kasisi wa Kiingereza, Henry Hunnings, akaweka punje za makaa yaliyosagwa nyuma ya kiwambo, na punje ndizo zilizoshinda. Hatua ya pili ilikuwa ya Anthony White wa Marekani, karibu mwaka 1890: kikombe cha punje kiliegemezwa nyuma kwenye chuma kizito kisichocheza, ili kinachotikisika kiwe kiwambo peke yake. Fikra hii ndiyo msingi wa kila kishikilio kizuri kilichokuja baadaye: sehemu inayotakiwa kucheza iwe nyepesi, na sehemu isiyotakiwa kucheza iwe nzito.

Mkononi, ukutani, mezani

Kwa simu, kishikilio cha kwanza kilikuwa ukuta. Sanduku la mbao lilipigiliwa misumari na mdomo wa maikrofoni ukachomoza mbele. Mtu alisimama na kuinamia. Mkao wa punje haukubadilika kamwe, na hilo lilikuwa jema. Ubaya ni kwamba ukuta ulileta kila mlango uliofungwa kwa kishindo.

Kisha ikaja simu ya nguzo, maikrofoni juu ya kigingi chenye kitako kizito, kipokezi kikiwa mkono wa pili. Wamarekani waliing'ang'ania mpaka karibu mwaka 1927, ilhali kampuni ya Ericsson ya Sweden ilikuwa ikiuza simu za mezani zenye mkono mmoja tangu miaka ya 1890. Sababu mojawapo ya kusitasita ilikuwa punje: mkono wa simu hupinduliwapinduliwa, na kikombe cha zamani hakikuvumilia kupinduliwa. Ilibidi kapsuli itengenezwe upya, punje zijae kiasi cha kugusa bati zote mbili katika mkao wowote, ndipo kishikilio kikawa kiganja cha mtu.

Kiganja, kwa kweli, ni kishikilio kizuri. Nyama ya mkono ni laini na huzima mitetemo, na umbo la mkono wa simu huweka mdomo umbali uleule kila mara, sentimita chache tu. Simu nyeusi za Bakelite zilizotumika Afrika Mashariki wakati wa Posta na Simu, kabla na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, zilikuwa na kapsuli ya kaboni mdomoni. Mtu anayetafuta maikrofoni ya kaboni Shinyanga leo hana haja ya kuagiza ng'ambo. Atafute mkono wa simu kuukuu, afungue kifuniko cha mdomo kwa kukizungusha, na kapsuli itamwangukia kiganjani.

Redio ilileta shida mpya. Mtangazaji hawezi kubanana na maikrofoni kama msemaji wa simu, tena chombo chenyewe lazima kishike sauti nyembamba na nene kwa usawa. Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928, na BBC ikaanza matangazo yake ya dola Desemba 1932, enzi ambayo maikrofoni za kaboni zilikuwa bado kazini. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilipoanza mwaka 1951, zama za kaboni studioni zilikuwa zimepita. Hata hivyo ni studio za kati ya vita kuu mbili zilizotoa majibu mawili bora ya swali letu.

Majibu mawili: pete na jiwe

Jibu la kwanza ni la Western Electric ya Marekani, miaka ya 1920. Maikrofoni yao ilikuwa na vikombe viwili vya punje, kimoja kila upande wa kiwambo kilichowambwa kwa nguvu. Kikombe kimoja kinapobanwa, cha pili kinalegea, na makosa mengi ya kimoja hufutwa na mwenzake. Chombo hicho kizito cha duara kilitundikwa katikati ya pete ya chuma kwa springi nne au zaidi, na pete ikasimama juu ya stendi. Picha za wanasiasa na waimbaji wa enzi hizo zimejaa pete hizo.

Wengi huziona kama mtindo wa zama. Hesabu inaonyesha vingine. Springi zilizovutwa kutoka pembeni kuelekea katikati ni ngumu kiasi ukisukuma chombo juu, chini, kushoto au kulia. Ukikisukuma mbele au nyuma, springi hazinyooki sana, zinapinda tu pembe yake, na ukinzani wake hutegemea mvuto wake ukigawanywa kwa urefu wake. Yaani pete ni laini kuliko kote katika mwelekeo ule ambao kiwambo nacho kinacheza. Mtetemo unaotoka mezani na kutaka kusukuma kiwambo mbele na nyuma hukutana na mlango laini kabisa. Funzo kwa fundi ni moja: springi zisivutwe mpaka zikawa kama nyuzi za gitaa. Zikikazwa, faida hiyo inapotea.

Jibu la pili lilitoka Berlin. Karibu mwaka 1923, katika kampuni ya Eugen Reisz, kijana Georg Neumann, ambaye mwaka 1928 alianzisha kampuni yake mwenyewe, alibuni maikrofoni iliyochimbwa ndani ya bonge la marumaru. Punje zilitandazwa kwenye shimo la kina kifupi usoni pa jiwe, na mkondo ulipita kutoka upande mmoja hadi wa pili badala ya mbele kwenda nyuma. Jiwe lilikuwa zito, halikulia, na halikupitisha umeme. Lilitundikwa ndani ya fremu, na studio nyingi za Ulaya, BBC ikiwemo, zikalitumia hadi miaka ya 1930.

Majibu haya yanafuata kanuni moja, na dereva wa lori pale Tinde anaijua kwa mgongo wake: lori tupu humrusha kila tuta, lori lenye shehena hutulia juu ya springi zilezile. Uzito mkubwa juu ya springi laini hauna haraka ya kufuata mtikisiko wa chini.

Rula inatosha

Kanuni hiyo inapimika bila mashine. Tundika kitu kwenye springi, kisha pima kimeshuka kiasi gani kutokana na uzito wake. Gawanya 5 kwa kipeuo cha pili cha sentimita ulizopata. Jibu ni masafa asilia ya kining'inizo hicho, kwa hezi. Kikishuka milimita 1, masafa ni karibu hezi 16. Kikishuka sentimita 1, ni hezi 5. Kikishuka sentimita 4, ni hezi 2 na nusu.

Kining'inizo huanza kuzuia mitetemo pale tu masafa ya mtetemo yanapozidi masafa asilia kwa mara 1.4 hivi. Chini ya hapo hakizuii kitu, na karibu na masafa yake yenyewe huukuza mtetemo. Malori hutikisa ardhi zaidi kati ya hezi 5 na 25. Nyayo, viti na vidole vinavyogonga meza hutoa mitetemo ya juu zaidi, na sauti ya mtu mzima huanza karibu hezi 100. Kwa hiyo kining'inizo kinachoshuka milimita 1, cha hezi 16, kitayakuza malori yenyewe. Cha sentimita 1 kitapitisha theluthi moja ya mtetemo wa hezi 10, na kwa hezi 50 kitapitisha sehemu moja tu katika mia.

Kwa pete, kipimo muhimu ni cha mbele na nyuma. Laza pete iwe sambamba na sakafu, ukiwa umetundika kitu chenye uzito sawa na maikrofoni badala ya maikrofoni yenyewe, kisha pima kimeshuka kiasi gani chini ya usawa wa pete. Kwa kando ya barabara ya Tinde, usikubali chini ya sentimita 1. Sentimita 2 ni bora.

Vifaa vya Tinde

Kapsuli ya simu ina uzito mdogo tu. Ukiitundika peke yake, itakuwa lori tupu. Lazima ipewe mwili. Marumaru si lazima. Usukuma ni nchi ya mawe ya itale, lakini itale ni ngumu kuchimba shimo la duara kwa patasi ya kawaida, hivyo inafaa zaidi kuwa kitako cha chini. Kwa mwili wa maikrofoni, gereji za njia panda zina kitu bora: ringi ya nje ya beringi kuukuu ya gurudumu la lori. Ni duara, ni chuma kizito, na haina bei kubwa. Kapsuli ikae ndani yake juu ya pete ya mpira au kitambaa kinene, isiguse chuma moja kwa moja, maana chuma hulia na tena kitaunganisha nyaya za umeme mahali pasipotakiwa. Kuna atakayefikiria kuongeza uzito kwa risasi ya betri za magari. Aache. Kuyeyusha risasi ni kujitia sumu, na hakuna sauti inayostahili gharama hiyo.

Pete ya nje fundi wa kuchomelea ataikunja kutoka kwenye nondo ya milimita 6 au 8. Springi zinapatikana kwenye tandiko la baiskeli kuukuu, ila hizo ni ngumu mno kwa uzito wa nusu kilo. Zinazofaa ni springi nyembamba za kuvuta, au mikanda ya tyubu ya baiskeli iliyokatwa myembamba. Mpira una faida moja ambayo chuma hakina: humeza mtetemo ndani yake, kwa hiyo kining'inizo hakiendelei kuyumba baada ya kusukumwa. Springi ya chuma huimba. Ukilazimika kuitumia, pitisha uzi wa sufi katikati yake ili inyamaze. Kasoro ya mpira ni kwamba hulegea na kupasuka kwa jua na joto, hivyo ubadilishwe unapochoka.

Kitako kiwe cha mninga au cha jiwe, chenye miguu mitatu na si minne. Miguu mitatu haiyumbi juu ya meza isiyonyooka.

Waya ndio unaosahaulika. Fundi hutumia muda mwingi kwenye springi, kisha anaunganisha kapsuli kwa waya mgumu uliokazwa kutoka kwenye kitako. Waya huo ni daraja: mitetemo yote iliyozuiwa kwenye springi itapita humo. Tumia nyuzi laini zilizosokotwa, ziache zining'inie kwa kitanzi kilicholegea, na zifungwe kwanza kwenye pete kabla ya kushuka kwenye stendi.

Mwisho, mkao. Kiwambo kisimame wima au kiinamie mbele kidogo. Zima betri kila unapotaka kuhamisha stendi, maana kusuka punje wakati mkondo unapita huziunguza na kuzishikamanisha. Katika hili Shinyanga ina bahati kuliko Tanga au Unguja: hewa yake kavu haizilowanishi punje kirahisi. Vumbi ndilo adui, na kitambaa chepesi mbele ya kiwambo kinatosha kulizuia.

Mipaka ya kishikilio

Kishikilio kizuri kinazuia kinachopanda kutoka chini. Hakizuii kinachokuja kwa hewa. Kwenye mnada wa ng'ombe, au penye ngoma za Wagika na Wagalu, makundi ya wachezaji wa Kisukuma, mpigo wa ngoma utapita juu ya pete na springi na kuingia moja kwa moja kwenye kiwambo. Upepo nao hauna habari na springi.

Wala kishikilio hakizuii spika kupiga yowe inaposikia sauti yake yenyewe. Septemba 1919, Rais Woodrow Wilson wa Marekani alihutubia halaiki kubwa uwanjani San Diego kupitia vipaza sauti vya Magnavox, naye akawekwa ndani ya kibanda cha vioo. Kilichosaidia pale kilikuwa ukuta wa kioo na mahali pa kuweka honi. Kunguruma kwa punje zenyewe, ule mchakacho usiokwisha wa maikrofoni za kaboni, nako hakuna springi ya kukuponya.

Msomaji anaweza kuuliza faida ya taabu yote hii, wakati kapsuli ya kisasa ya simu ya mkononi ni ndogo kuliko punje ya mahindi na inafanya kazi bora. Faida ya kwanza ni kwamba swali halijazeeka. Maikrofoni ya studio ya leo bado hutundikwa kwenye pete kwa mipira iliyopishana, na anayeweka studio nyumbani, kanisani au kando ya barabara kuu ya Kahama au Geita ana shida ileile ya malori. Wengi hununua pete hiyo kwa kuwa wameiona kwenye video, kisha wanaikaza kwenye meza inayotetemeka na kuvuta waya kama kamba ya kuanikia nguo.

Faida ya pili ni ya darasani. Kapsuli ya kaboni, betri na kipokezi cha simu hiyohiyo vikiunganishwa kwa mfululizo, vinatoa sauti bila amplifaya yoyote. Mwanafunzi anasikia kwa masikio yake tofauti ya kapsuli iliyolazwa mezani, iliyoshikwa mkononi, na iliyotundikwa kwenye uzito. Kanuni ya Hooke anayoikariri kwenye daftari inageuka kitu anachokisikia lori linapopita.

Uamuzi

Kwa hiyo, kati ya majibu yote, lipi lichaguliwe? Kwa mazungumzo ya ana kwa ana na mstari wa simu, mkono wa simu haujapata mshindani: kiganja ni laini, na umbali wa mdomo haubadiliki. Kwa maonyesho, darasa au meza ya mtangazaji, pete yenye springi au mipira iliyolegea, ikibeba mwili mzito, ndiyo bora. Sanduku la ukutani na kigingi kigumu viachiwe makumbusho.

Kapsuli zenyewe zinapungua. Simu za zamani zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na punje zake zinamwagwa jalalani. Walimu wa fizikia na wakufunzi wa VETA wa Shinyanga na Geita wazikusanye kabla hazijaisha. Kapsuli moja, ringi moja ya beringi na tyubu moja ya baiskeli vinatosha kwa somo la wiki nzima.